Mwanangu, waache walete karatasi zao

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako imenifikia Jumatano jioni nami nikaisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni. Baba yako anakusalimu sana. Goti lake limepata nafuu na ameanza tena kutembea bila fimbo. Wadogo zako wazima. Hayo yatoshe, nije kwenye neno lililokufanya uandike.

Umeniambia darasa lako la jioni linakuchosha. Wanafunzi ni akina mama watu wazima, wanafika wakiwa wameshaibeba siku nzima mabegani, na badala ya kuzifuata silabi ulizoandika ubaoni wanaanza mazungumzo: ushuru umepanda, mume amechukua akiba, rejesho la kikundi limefika na fedha hazijatimia. Yupo mmoja, umesema, ambaye kila akija ana karatasi aliyoikunja na kuifunga kwenye pindo la nguo, anataka umsomee. Ukaniuliza: ni kosa kuwaambia shida zao waziache mlangoni ili somo lisonge mbele?

Nimekaa na swali hilo siku nne. Jibu ninalo, ila sitaki kukutupia jibu kavu. Nataka nikusimulie habari za mwalimu mmoja, Funmilayo Ransome-Kuti wa Nigeria. Wengi wakimtaja leo humtaja kama mama yake Fela, yule mwanamuziki, au kama mwanamke wa kwanza kuendesha gari katika mji wao. Yote mawili ni kweli na yote mawili ni madogo. Mimi namtaja kwa sababu alikutana na swali kama lako, na namna alivyolijibu ilimng'oa mfalme kwenye kiti chake.

Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1900 huko Abeokuta, mji wa Waegba, ambao ni tawi la Wayoruba. Jina la mji huo maana yake ni "chini ya mwamba", kwani waliouanzisha walikuwa wakimbizi wa vita waliojisitiri kwenye Mwamba wa Olumo. Ukoo wa baba yake nao ulikuwa wa watu waliotekwa utumwani, wakafikishwa Sierra Leone, kisha wakarejea kwao. Baba yake alilima na kuuza mazao ya mchikichi, mama yake alikuwa fundi wa kushona. Walimbatiza Frances Abigail, na walikuwa na wazo ambalo majirani wengi wa wakati ule waliliona la ajabu: kwamba binti asomeshwe kama kijana wa kiume.

Mwaka 1914 shule ya sekondari ya mji, Abeokuta Grammar School, ambayo tangu ifunguliwe ilikuwa ya wavulana peke yao, ilipokea wasichana sita. Jina la kwanza kuandikwa lilikuwa lake. Jaribu kumwona, binti wa miaka 13 akiingia uani mwa shule isiyowahi kuwa na msichana. Baada ya kusoma alifundisha kidogo, kisha mwaka 1919 akapelekwa Uingereza, kwenye shule iliyoitwa Wincham Hall katika jimbo la Cheshire. Huko alijifunza muziki, ushonaji na Kifaransa, na huko pia alijifunza jinsi mtu anavyotazamwa kwa rangi ya ngozi yake. Aliporudi mwaka 1922 alikuwa ameyaweka kando majina ya Frances na Abigail. Akataka aitwe Funmilayo, ambalo kwa Kiyoruba ni "nipe furaha".

Tarehe 20 Januari 1925 aliolewa na mchungaji Israel Oludotun Ransome-Kuti, mwalimu aliyejuana naye tangu siku za shule. Huyu mume nitamtaja kwa ufupi, ila usimpite haraka. Baadaye alikuja kuwa mkuu wa Abeokuta Grammar School na rais wa kwanza wa Chama cha Walimu cha Nigeria kilichoundwa mwaka 1931. Mkewe alipoanza kupigana na wakubwa, hakumvuta nguo arudi jikoni. Walizaa watoto wanne, Dolupo, Olikoye, Fela na Beko. Nyumba yao ilikuwa ndani ya shule na shule ilikuwa ndani ya nyumba yao, hata watoto wao wa kuzaa hawakupata upendeleo mbele ya wanafunzi wengine.

Mpaka hapo, mwanangu, tunasema habari za mwanamke mwema aliyesoma. Wa namna hiyo walikuwepo wengine. Mwaka 1932 alianzisha Klabu ya Mabibi wa Abeokuta, na nitakuambia ukweli: klabu ile ilikuwa ya wenye nacho. Wanachama walikuwa wanawake Wakristo waliosoma shule za kizungu, wake za wachungaji na za makarani. Walifundishana kudarizi, kupika kwa mialiko, adabu za mezani. Hakuna ubaya katika hayo, lakini kama angeishia hapo nisingekuwa na la kukuandikia.

Mambo yaligeuka mwaka 1944. Mwanafunzi wake wa zamani alimletea mama mmoja, mchuuzi wa sokoni, aliyetaka kujua kusoma. Hilo tu. Hakuja kudai haki wala kulalamika juu ya serikali. Alikuja kutafuta herufi. Bi Funmilayo akaanza kumfundisha, na akaja mwingine, na mwingine, mpaka likawa darasa la akina mama wa sokoni.

Na akina mama hao, sawasawa na hawa wako, hawakuja na vitabu peke yake. Walikuja na shida zao. Walisema juu ya mchele. Vita Kuu ya Pili ilikuwa bado inaendelea, serikali ilitaka chakula kwa ajili ya askari, na watu wa mamlaka walikuwa wakiwapora akina mama mchele wao sokoni. Walisema juu ya kodi. Mwalimu wao, mke wa mchungaji, mwenye elimu ya Uingereza, alikuwa ameishi katika mji ule miaka yote hiyo bila kuyajua mambo haya kwa undani. Darasani mwake mwenyewe ndipo alipoyajulia. Angesema, "Hayo tuyaache, tuendelee na herufi," angebaki hivyo hivyo alivyokuwa, na wao wangebaki na kodi yao.

Hapa nisimame kidogo, nikuambie jambo ambalo sijapata kukuambia.

Nilipokuwa na umri kama wako nami nilifundisha watu wazima jioni. Alikuwepo bibi mmoja, mtu mzima kuliko mama yangu, mpole, aliyekuwa akikaa karibu na mlango. Jioni moja alinijia na karatasi. Nilikuwa nimebakiza nusu saa, nikitaka kumaliza herufi zilizokuwa katika ratiba yangu, na kwa kweli nilijivunia ratiba ile. Nikamwambia, "Bibi, leo tumalize somo, karatasi yako tutaiangalia siku nyingine." Akaikunja, akakaa. Tulipomaliza giza lilikuwa limeingia, nami nikafunga mlango nikaenda zangu. Hakuja tena. Baadaye nikasikia kwamba karatasi ile ilikuwa taarifa ya kuuzwa shamba alilokuwa akilima, kwa deni la ndugu yake, na ilikuwa na siku ya mwisho ya kupinga. Siku hiyo ilikuwa imepita. Nilikutana naye njiani miezi mingi baadaye, akaniamkua kwa heshima zote, akaniita mwalimu. Sijawahi kusahau namna alivyolitamka neno lile, bila kinyongo chochote. Kwa hiyo unaponiuliza kama ni kosa, unamwuliza mtu aliyelitenda.

Turudi Abeokuta. Mwalimu alisikiliza, kisha akachukua hatua. Klabu ya mabibi ikayabeba malalamiko ya wachuuzi wa mchele kwa wakubwa, na wakubwa walipoyapuuza, yakapelekwa gazetini. Mwaka 1945 uporaji ule ukakoma. Nadhani hapo ndipo wale mabibi wa kudarizi walipojua kwamba kalamu yao inaweza kufanya kazi nyingine. Mwaka 1946 klabu ikabadilishwa jina na sura, ikawa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta, na mlango ukafunguliwa kwa mwanamke yeyote, awe amesoma au hakusoma. Madarasa ya kusoma yaliendelea ndani ya umoja huo. Inakadiriwa kwamba wanachama waliolipa ada walifikia 20,000.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo mwalimu kama wewe utalielewa mara moja. Mkutanoni wake wa makarani walikaa na magauni yao ya kizungu, na wachuuzi walikaa na nguo zao za kujifunga, na wachuuzi hawakufungua midomo. Bi Funmilayo akayaacha magauni. Tangu miaka ile ya 1940 alivaa vazi la Kiyoruba na kilemba, kama muuza mboga yeyote. Na alipokwenda kuonana na maofisa wa Kiingereza, yeye aliyesoma kwao na kukijua Kiingereza kuliko baadhi yao, alisema nao kwa Kiyoruba. Ikabidi wao ndio watafute mkalimani. Nalipenda sana jambo hili. Kwa miaka mingi akina mama wa sokoni ndio waliokuwa wakisimama mbele ya meza bila kuelewa kinachosemwa. Siku hiyo waliielewa kila neno, na bwana mkubwa akangoja kutafsiriwa.

Sasa kodi. Waingereza walitawala Nigeria kwa kupitia wafalme na machifu wa wenyeji, na pale Abeokuta mfalme, anayeitwa Alake, alipewa madaraka yote mkononi mwake. Wakati huo alikuwa Ademola wa Pili. Tangu mwaka 1918 Waegba walitozwa kodi, na tofauti na sehemu nyingine nyingi, wanawake walitozwa peke yao, mbali na waume zao. Msichana alianza kulipa akiwa na miaka 15, mvulana akiwa na 16. Wakusanyaji wa kodi waliingia majumbani. Walipobisha juu ya umri wa binti walimvua nguo wamtazame kifua kama ameshakuwa wa kulipa. Nimeandika sentensi hiyo kwa uchungu, lakini nimeiandika, kwa sababu mambo kama haya ndiyo akina mama waliyokuwa wakiyasema darasani huku mwalimu amewageuzia kisogo akiandika ubaoni. Aliyeshindwa kulipa alipelekwa jela. Na pamoja na kulipa, wanawake hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika baraza lililozitumia fedha hizo.

Umoja ulianza kwa adabu. Waliandika barua, wakapeleka wajumbe, wakaomba. Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu linazidi maandamano yote: walimwajiri mkaguzi wa hesabu ayapitie mahesabu ya utawala wa Alake. Fikiria wachuuzi wa pilipili na wa vitambaa vya nili, ambao miaka miwili nyuma hawakujua kusoma jina, wanataka kuonyeshwa vitabu vya fedha za serikali! Majibu yasiporidhisha, mwalimu mwenyewe akagoma kulipa kodi yake. Akafikishwa mahakamani, akatozwa faini.

Walipoomba kibali cha kuandamana walinyimwa. Basi yeye akasema hawaandamani, wanakwenda kula chakula pamoja uwanjani, wanafanya sherehe. Na kabla ya "sherehe" hizo aliwakusanya uani akawafundisha la kufanya wakirushiwa mabomu ya machozi. Hakuwa mtu wa kuwapeleka watu hatarini kwa mdomo mtupu. Alijua yaliyotokea mwaka 1929 upande wa mashariki wa nchi yake, ambako wanawake walisimama kupinga kutozwa kodi wakapigwa risasi, na zaidi ya 50 wakafa.

Katikati ya mwaka 1947 alikwenda London na ujumbe wa NCNC, chama cha siasa kilichodai uhuru wa Nigeria, ulioongozwa na Nnamdi Azikiwe, kwenda kumwona waziri wa makoloni. Wajumbe walikuwa saba, mwanamke alikuwa yeye peke yake. Akiwa huko aliandika katika gazeti la Daily Worker kwamba ukoloni umeishusha hali ya mwanamke wa Nigeria: kwamba zamani alikuwa na mali yake, biashara yake na sauti yake, na sasa amebaki na kodi. Nyumbani watu wakubwa walikasirika sana.

Aliporudi mambo yalikuwa yamechemka. Mwishoni mwa Novemba 1947 zaidi ya wanawake 10,000 walijaa nje ya kasri la Alake. Wakaimba nyimbo za kumkejeli mfalme ambazo siwezi kuziandika katika barua kwa mwanangu. Wakakesha pale usiku kucha, wakitaka wenzao waliokamatwa waachiwe. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kiingereza, mmoja wa wale ambao babu zetu waliwaita bwana shauri, alimfokea awanyamazishe wanawake wake, naye akamwuliza kama angethubutu kusema hivyo na mama yake mzazi. Na inasimuliwa kwamba wazee wa Ogboni, chama cha siri cha wakubwa wa mji, walipotoa fimbo ya Oro ili kuwatisha, yeye aliikamata akaenda nayo kwake. Ujue Oro ni ibada ya wanaume peke yao, na ni jambo zito kwa Wayoruba. Ikitoka, mwanamke hujifungia ndani. Miaka mamia ilikuwa hivyo. Sikusimulii ili udharau mila za watu. Nakusimulia uone walikuwa wamefikishwa wapi.

Aprili 1948 kodi ya wanawake ikaondolewa. Julai mwaka huo Alake akaondoka mjini, na tarehe 3 Januari 1949 akajiuzulu kiti. Watu wakaanza kumwita Bi Funmilayo Simba Jike wa Lisabi, kwa jina la shujaa wa kale wa Waegba.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Lakini wewe si mtoto mdogo, na haya mengine utayahitaji zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1950 Alake alirudi kwenye kiti chake. Mwaka 1951 Bi Funmilayo aligombea kiti katika baraza la jimbo akashindwa. Haki ya kupiga kura ilifungamana na ulipaji wa kodi, kwa hiyo wengi wa wale waliokesha naye nje ya kasri hawakuwa na kura ya kumpa. Iliniuma nilipoisoma habari hiyo. Waliondolewa mzigo, na kwa kuondolewa mzigo wakafungiwa mlango. Mwaka 1959 chama chake chenyewe, ile NCNC aliyoitumikia miaka mingi, kilikataa kumsimamisha. Akagombea bila chama akashindwa, akafukuzwa, akaanzisha chama chake kidogo ambacho hakikudumu. Bungeni hakuingia kamwe.

Kuna wanaosema kwa hiyo hakufanikiwa katika siasa. Mimi sikubali. Kiti hakupata, lakini angalia alichokijenga wakati huo huo: mwaka 1949 umoja ule wa mji mmoja ulitanuliwa ukawa Umoja wa Wanawake wa Nigeria, ukafungua matawi mbali na Abeokuta, na mwaka 1953 akaitisha mkutano wa mamia ya wajumbe wa vyama vya wanawake kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Walichodai ni kura kwa wanawake wote. Wanawake wa kaskazini mwa Nigeria walisubiri haki hiyo hadi mwaka 1976, yeye akiwa bibi wa miaka 70 na zaidi, bado akilisema jambo lile lile. Alisafiri hadi China na Urusi kukutana na wanawake wa huko, na kwa sababu hiyo serikali, ile ile ya Waafrika wenzake iliyokuwa inajiandaa kuupokea uhuru, ilikataa kumpa pasipoti mpya. Marekani nayo ikamnyima viza. Hakuwa mkomunisti. Alikuwa mwalimu aliyetaka kujua wenzake wanaishije.

Heshima zilikuja pia: nishani ya nchi yake mwaka 1965, udaktari wa heshima wa Chuo Kikuu cha Ibadan mwaka 1968, Tuzo ya Amani ya Lenin mwaka 1970. Nazitaja nipite. Wakati wote huo hakuacha kushughulika na shule.

Mwisho wake ni mchungu. Tarehe 18 Februari 1977 askari wapatao 1,000 waliivamia nyumba ya mwanawe Fela huko Lagos, kwa sababu nyimbo zake ziliwaudhi watawala wa kijeshi. Mama alikuwemo. Alikuwa na miaka 76. Walimtupa nje kupitia dirisha la ghorofani, wakaichoma nyumba. Hakupona. Alilala akidhoofika mwaka mzima, na tarehe 13 Aprili 1978 akafariki. Tume ya serikali ilichunguza ikasema aliyetenda ni askari asiyejulikana.

Alizikwa Abeokuta, mbele ya maelfu ya watu. Siku hiyo akina mama wa sokoni walifunga biashara zao. Wewe umewaona wachuuzi, unajua maana ya hilo: mtu anayekula kwa anachouza leo akafunga leo. Wengi wao walikuwa mabinti na wajukuu wa wale waliokuja kutafuta herufi.

Sasa karatasi ya yule mama. Sikuambii uanzishe umoja wala uende kukesha nje ya nyumba ya mtu. Darasa lako lina watu kumi na wanane na ubao mmoja uliopasuka, linatosha. Ninachokuomba ni kwamba robo saa ya mwanzo iwe yao. Wakisema ushuru umepanda, waulize umepanda kutoka ngapi hadi ngapi, na umepandishwa na nani, kisha andika namba hizo ubaoni. Hizo ndizo hesabu za siku hiyo. Wakisema rejesho la kikundi, chukua neno "rejesho" likatwe silabi. Utashangaa jinsi mtu anavyolishika haraka neno linalomkosesha usingizi. Zile silabi za kitabu zitakuja zenyewe, hazina haraka.

Nimekufungia humu miwani mitatu ya kusomea. Uliposema wale wazee wawili wanasinzia, nilijiuliza kama kweli ni usingizi au macho yamechoka. Mtazame hasa yule anayekishika kitabu mbali na uso. Ukiona inawafaa, niambie niongeze.

Na yule mama wa karatasi, Jumatatu mwite kabla hujaandika chochote ubaoni. Kaa naye chini, umsomee yote, hata maandishi madogo ya chini. Kama imetoka mahakamani au benki, tazama tarehe kwanza. Halafu niandikie siku hiyo hiyo uniambie ilisema nini.

Mimi mama yako nikupendaye